Pembetatu za Siku Ile Hospitalini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na yule paka bado analala juu ya cherehani? Mimi mzima, ila nimenenepa, utanicheka ukiniona.

Habari kubwa ya huku ni meneja wetu mpya. Siku ya kwanza tu alinikuta kikaoni nikichorachora pembeni ya karatasi ninayoandikia muhtasari, akasema mbele ya wote kwamba ofisi si chekechea. Nikaacha. Mama, wiki mbili zile nilikiona cha moto. Mkono ukikaa bure, akili yangu hutoka nje kutembea. Kikaoni nikawa nasinzia, nyumbani nanuna bila sababu. Mwisho nikaandika kwamba ukarabati wa paa la ghala umeahirishwa, kumbe ulipitishwa. Mvua ikanyesha, katoni za viatu zikalowa chapachapa.

Meneja akaniita. Nikamweleza kwamba nikichora ndipo nasikia. Hakuamini. Akanipa kalamu, akanisomea barua ndefu ya bima huku nikichora vikombe, kisha akaniambia niirudie. Nikairudia hadi tarehe. Akacheka, akasema, "Haya, chora, ila usinichore mimi."

Siku hiyo moyo ulikuwa mwepesi, nikathubutu kufungua bahasha ya karatasi za matibabu ya marehemu baba. Ndani mna ile niliyojaza pembetatu daktari alipokuwa akitueleza hali yake. Najua ilikuuma. Ulimwambia shangazi kwamba baba anakufa na mimi nachezea kalamu. Mama, ningeiweka chini kalamu ile, ningetoka mbio mle chumbani.

Wewe ulikuwa unalia, dada amekukumbatia, hamkusikia yote. Mimi nilisikia. Ulipouliza ingekuwaje kama ungemleta mapema, daktari alijibu kwamba ugonjwa ule ulijificha miaka mingi; hata mngefika mwaka mmoja kabla, dawa isingefua dafu. Alisema wazi kwamba hukuchelewa.

Na hili ndilo linalonitoa jasho. Nilijua unajilaumu, dada aliniambia zamani. Nikanyamaza miaka mitatu kwa kinyongo, nikisema moyoni, si mama alisema nachezea kalamu? Nisamehe mama. Hukuchelewa. Nakuja Jumapili nikuambie tena kwa mdomo wangu.

Nisalimie shangazi, na dada umwambie nampenda.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako