Vipande vya Kabureta

Ijuganyondo, Jumapili

Kaka Byabato,

Shikamoo. Sisi wazima, na kahawa imeanza kuiva. Natumaini huko Muleba kwa shangazi unakula vizuri.

Kaka, hukupoteza wewe vile vipande vya kabureta ya Landrova ya babu. Wewe na baba mlivipanga juu ya jani la mgomba, nami nikifagia uani nikalikunja nikidhani ni taka, nikalitupa kibanjani, kwenye migomba. Baba alipokuita mzembe na kukufukuza, nilikuwa mlangoni. Nikanyamaza.

Leo nimemweleza. Nilitegemea fimbo, lakini aliuliza tu, “Koku, ukamwacha kaka yako aende?” Nikachukua kalamu nikuandikie.

Anasema urudi mmalizie gari pamoja. Njoo, kaka. Ila siku ya kwanza, naomba usinitazame.

Mdogo wako,
Kokushubila