Nyimbo Ulizomnyima Mama

Adu, Magarini
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Mwaro,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, wewe, wifi Trizah na watoto. Huku kwetu afya ipo, mvua imenyesha kidogo na mahindi yameshika. Binti yangu Purity amejifungua salama mtoto wa kike mwenye nywele tele. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei tena, na kwa kuwa wewe ni mtu wa maandishi, huenda ukasoma mpaka mwisho.

Kabla sijaingia kwenye kinachoninyima usingizi, nikukumbushe kwamba hakuna mtu Adu nzima aliyependa makala zako gazetini kunishinda. Nilikuwa nikizisoma kwa sauti kwenye kikundi chetu cha akina mama, tukipukuchua mahindi, na ulipowachamba wanasiasa tulishika mbavu kwa kicheko. Ulipoandika kwamba disko matanga, zile ngoma za spika usiku kucha misibani, zinawamaliza mabinti zetu, nilikuunga mkono, maana zile spika nimezisikia, na wasichana walioharibikiwa huko nawajua. Lakini hukukomea hapo. Uliandika kwamba mkesha wote ni upuuzi, kwamba spika na nyimbo za kifudu ni mamoja, na kwamba nyumba inayowaita akina mama wazee wamwimbie marehemu imebaki nyuma. Wazee walikasirika. Malindi vijana walilichoma gazeti lako sokoni. Hapa nikaitwa dada wa yule mwenye mdomo, nami nikajibu kwamba ndiyo, na mdomo huo husema kweli. Nilijivuna, Mungu anisamehe.

Ndipo mama akafariki. Ulinipigia simu siku ile ile, ukaniambia atazikwa alasiri moja, bila mkesha wala kifudu, kwa sababu nchi nzima inakutazama na ukilegeza nyumbani kwako hakuna atakayekuamini. Nilikuuliza kama huo ni uamuzi wako au wetu. Ukasema wewe ndiye mtoto wa kiume na mazungumzo yamekwisha. Nikatii. Akina mama wa kifudu walipofika jioni, wamejifunga nguo zao tayari na Kahonzi akiwa mbele, mimi ndiye niliyesimama uani nikawaambia warudi. Kahonzi na mama waliimba pamoja tangu wakiwa wasichana. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Kesho yake ulikuja na mpiga picha, ukasema maneno mawili kaburini, kisha ukaandika jinsi familia yako ilivyothubutu. Ulisifiwa mpaka ng'ambo.

Sasa nije kwenye yale mazishi ya kule Junju mwezi uliopita. Watu wanasema unatafuta kiti cha ubunge. Hilo silijui, ila redioni nilikusikia kwa masikio yangu, nikiwa jikoni na mume wangu Dena. Uliwaambia waombolezaji kwamba umesingiziwa, hukuwahi kupinga kifudu, na wewe mwenyewe umelelewa na nyimbo hizo. Ukasema mama alikuomba aimbiwe, nawe ukamkubalia, ila ulipofika ulikuta dada yako Kanze amekwisha kuwafukuza waimbaji. Watu wakakupigia makofi, na Dena akazima redio.

Tangu siku hiyo kikundi kinakutana bila kuniambia. Bombani nikifika, mazungumzo hukatika. Unajua kwetu mzazi hupikiwa uji na majirani mpaka auchoke. Uji wa Purity nimeupika mimi peke yangu, na mtoto alikuwa hajabebwa na mikono mingine zaidi ya yetu. Purity aliniuliza kama kuna kosa alilolifanya.

Hata hivyo, hilo silo linalonichoma zaidi. Nilidhani ombi la mama umelitunga. Nikaenda kumuuliza mama mdogo Kadii, aliyekuwa akimuuguza. Akasema ni kweli tupu. Mama alimwomba amshikie simu, akakuomba aimbiwe na Kahonzi na wenzake, nawe ukamwambia atulize moyo, itakuwa hivyo. Kadii alinyamaza mazishini akidhani mama alikuwa amebadili nia na sisi wanawe tunajua. Kwa hiyo uliponipigia, Mwaro, ulikuwa unajua! Uliniagiza nimnyime mama jambo la mwisho alilolitamani, na ukanificha kwa sababu ulijua ningekukatalia. Makala yako ilitaka mazishi ya kimya, sasa kura zinataka nyimbo, na mara zote mbili umemtumia mama. Kunisingizia ningekusamehe, maana tangu utotoni ulivunja vyungu nikachapwa mimi. Hili siwezi. Naliandika huku nalia, wala sioni haya kukwambia.

Jana nilikwenda kwa Kahonzi, nikaketi sakafuni, nikamweleza yote. Kuhusu simu uliyonipigia sikuwa na shahidi. Ilikuwa kauli yangu dhidi ya kauli ya mtu wa gazeti. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama mjukuu wangu ananyonya vizuri. Leo alfajiri amekuja na wenzake, wakambeba mtoto kwa zamu, na mmoja wao akashika mwiko. Jumamosi ijayo tunafanya matanga ya pili. Watamwimbia mama mpaka kuche.

Nikueleze na hili, maana kwako sitaki kuficha kitu. Kahonzi aliuliza kama utakuja, ili akutengee nafasi ya mtoto wa kiume kando ya kaburi. Nimemwambia mama hakuacha mtoto wa kiume. Nafasi hiyo nitakaa mimi.

Nisalimie wifi Trizah na wanangu, uwaambie wao wakija wakati wowote nitawapikia wali wa nazi. Dena anakusalimu, ingawa imebidi nimlazimishe. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi, mtoto wa mama,
Kanze