Samurai Hapiti Kaburi

Mwera, 3 Juni 2024

Mwanangu Innocent,

Hujambo? Sisi tunamshukuru Mungu, ila baba yako hali chakula tangu juzi. Nimepiga simu mpaka nimechoka, hupokei, ndiyo nimempa Mathew wa dukani akuletee barua hii hapo Nguvumali. Baba anakuulizia. Njoo, hata kwa siku moja.

Mama yako

Nguvumali, 4 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Pole sana na uuguzi. Wiki hii zamu zimebana, kazini hatoki mtu. Jumamosi nitakuja bila kukosa. Mwambie baba ajikaze.

Mwanao

Nguvumali, 21 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Naona aibu hata kukuuliza hali. Mmemzika baba bila mimi, na mpaka leo sijatia mguu hapo.

Hakukuwa na zamu. Nilikuwa likizo, nimejifungia na gemu la samurai, wale wapiganaji wa Japani ya kale, lile alilolikuta baba alipokuja Pasaka. Raha yake ni kwamba kule mtu anajua wajibu wake. Bwana wake akiita, anapanda farasi anakwenda. Nyasi zinayumba mpaka unausikia upepo, na hakuna anayekuuliza chuo uliachia wapi. Ukikuta kaburi unabonyeza kitufe, samurai anainama. Nimewainamia marehemu wa Kijapani nisiowajua, mama, na simu yako inaita, nimeilaza kifudifudi.

Jumamosi nikasema nimalize pambano moja tu. Ujumbe wa msiba ulinikuta na pedi ya kuchezea gemu mkononi. Baada ya hapo ningewatazamaje? Nisamehe.

Mwanao

Mwera, 30 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni miguu tu inayonisumbua.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekasirika mara mbili. Habari ya zamu nilijua ni uongo, Mathew alinieleza alivyokukuta. Baba yako sikumwambia. Alikuwa akimsimulia dada yako Yudith hilo gemu, amelala pale kitandani. "Yule mtu wake hapiti kaburi bila kuinama," alisema. "Mtoto anayependa mambo hayo atakuja kunizika."

Kwa neno hilo nilimwomba mchungaji asubiri. Tulikaa na jeneza kando ya shimo mpaka saa kumi na mbili jioni, kila pikipiki ikilia barabarani nageuka.

Hasira yangu haijaisha. Njoo hivyohivyo. Kaburi limeota majani na sijaruhusu mtu alipalilie. Jembe liko nyuma ya mlango.

Mama yako