Nilimfuta Mama Poda Siku ya Kupigwa Picha

Mshauri wangu Mama Deok-im, nisamehe nikianza bila hata kukuuliza hali, nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na hapa kisiwani Namhae sina wa kumwambia, maana wote ninaojuana nao wanajuana na mama yangu.

Mama amevuka miaka themanini, moyo wake umechoka, na daktari alituambia wazi kwamba tumtunze tu na tusimsumbue na mambo mengine, naye mwenyewe alisikia, akavaa viatu vyake akaniambia twende zetu tukanywe uji wa maboga, na tangu siku ile hajalia wala hajalalamika, isipokuwa ana jambo moja tu analolitaka, nalo ni picha. Ukumbi wa wazee wa kijiji chetu ulimwita mpiga picha aje kuwapiga wazee ile picha ya maisha marefu, ambayo kila mtu anajua ni ya kuwekwa katikati ya maua siku ya msiba hata tukiipa jina zuri namna gani, na mama akaanza kujiandaa kama bi harusi, akatoa vazi lake la hariri ya samawati, akalitundika dirishani litoke harufu ya dawa ya nondo, kisha akaniambia, "Mwanangu, uso utanitengeneza wewe. Mimi mikono inatetemeka."

Mama Deok-im, huyu ni mwanamke aliyelima vitunguu saumu maisha yake yote, poda alikuwa akiiita unga wa wavivu, na nilipokuwa msichana aliwahi kunitupia rangi ya mdomo chooni, leo ndiye ananiuliza mashavu yanalainishwaje, nywele za kidevuni zinaondolewaje, na nyusi zake zilizopukutika zitarudi vipi. Nikamwambia nina kazi sokoni, dagaa hawajiuzi wenyewe. Akaniomba tena, nikamwambia kesho. Akanitania, "We mtoto unaogopa nini? Siku hiyo nitakuwa napokea wageni kutwa nzima, kila mtu ananiinamia, na siwezi kuinuka nikajirekebishe. Unataka niwapokee nikiwa na unyusi mmoja?" Akacheka peke yake. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia mitungi ya kuchachushia soya.

Najua kwa nini anaitaka hiyo picha. Baba alipofariki ghafla hatukuwa na picha yake, tukamkata kutoka kwenye picha ya harusi ya binamu yake, amekunja uso kwa jua, na pembeni likabaki bega la mtu mwingine, na mama alikaa msiba mzima akilitazama lile bega.

Sasa siku ya mpiga picha ilipofika nilimpigia simu Bwana Pyo, mwenyekiti wa ukumbi, nikamwambia mama ana homa hatakuja, nikarudi nyumbani nikidhani nitamkuta amelala, kumbe yuko barazani, amevaa hariri yake, amejitengeneza mwenyewe, poda imejaa usoni na shingo imebaki nyeusi ya shambani, nyusi amezichora kwa njiti ya kiberiti iliyoungua kama walivyokuwa wakifanya zamani, mmoja juu na mwingine chini, akanitazama kwa furaha akasema, "Haya, niambie. Nimependeza?"

Sijui ni nini kiliniingia. Nilimwona yuko ndani ya fremu tayari. Nikachukua taulo bichi nikamfuta, nikamfuta kwa nguvu, huku nikisema, "Mama, unatia aibu, watu watakucheka," mpaka mashavu yakawa mekundu, naye hakunizuia, alifumba macho tu kama mtoto anayeoshwa. Nilipomaliza akasema, "Basi. Niache hivi hivi. Wanaonijua watanitambua." Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Mpiga picha atarudi baada ya sikukuu ya mavuno kwa ajili ya waliokosa. Mama hajaitaja tena picha. Jana tu, aliinama kwenye yale maua mekundu ya kupaka kucha yanayoota kando ya mitungi, akachuma machache, akasema kama anayeongea na maua, "Mwaka huu ningependa nipake," halafu akayaacha yakaanguka. Kwenye picha hiyo kucha hazionekani, mshauri, ndiyo maana sikumwelewa. Nifanye nini? Nikimtengeneza najiona ninamwandaa kwa jeneza, nisipomtengeneza nimemnyima. Na hata nikikubali sijui pa kuanzia, mikono yangu hii inajua dagaa tu.

Muuza dagaa, Namhae

*

Muuza dagaa,

Nilipofika kwenye taulo niliiweka barua yako chini, nikanywa maji kwanza, kwa sababu ningekujibu pale pale ningekutukana.

Ulikosea, tena vibaya. Naelewa ulikuwa na hofu, na hofu ya kumpoteza mama haina mkubwa wala mdogo, sote inatukunja. Lakini hofu ni yako na uso ni wake. Mama yako hakukuomba umzike. Alikuomba umpake poda. Mtu aliyekaa msiba mzima akitazama bega la mgeni ana haki ya kuchagua atakavyowatazama watu wake, na wewe ulimfutia haki hiyo kwa taulo, ukamwambia anatia aibu. Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza, mashavu yalipoa siku ile ile.

Kwa hiyo leo, ukitoka sokoni, muombe radhi. Na usimkatie peasi badala yake! Nawajua nyie: mnamenya tunda, mnalipanga kwenye sahani, mnalisukuma mbele ya mtu, neno halisemwi, halafu mnahesabu yameisha. Sema kwa mdomo: "Mama, nilidanganya kwamba una homa, na nilikuumiza. Nimekosa." Kisha mpigie Bwana Pyo mbele yake, umwambie mama amepona na jina lake liandikwe. Mama atajifanya hasikii. Atasikia.

Sasa pa kuanzia. Kwanza, lile taulo la kijani la kusugulia nongo, lisilokosekana bafuni kwa mtu, lifiche kabisa, lisimguse usoni, ngozi ya umri ule huchanika kwa kitu kidogo. Unapoosha mchele, mwaga maji ya kwanza, ya pili yaweke kwenye bakuli safi. Chovya kitambaa laini, umpangusie uso asubuhi kwa kugusagusa tu, halafu maji ya uvuguvugu. Jioni mwekee vipande vyembamba vya tango mashavuni, akae navyo huku mnaangalia tamthilia yake. Fanya hivyo kuanzia sasa, usingoje siku ya picha, ngozi iliyochomwa na jua miaka yote hiyo hailainiki kwa asubuhi moja. Nywele, kama anakwenda kutiwa dawa ya kuviringisha, aende wiki moja kabla, maana zikiwa za jana hukaa kama kofia. Siku yenyewe chukua tone moja la mafuta ya kamelia, lipashe viganjani, umpitishie nywele kwa juu juu, na yatakayobaki mpake mikononi. Nywele za kidevuni usizing'oe, zikate kwa mkasi mdogo, na umsimulie uvumi wa sokoni asione haya.

Poda iwe kidogo kuliko unavyofikiri, ikizidi huingia kwenye mikunjo. Rangi yake ifuate shingo, isifuate shavu, na uishushe mpaka pale ukosi unapoanza. Mdomoni mpake asali, iache kidogo, ifute, ndipo upake rangi. Ndiyo, kama ile aliyoitupa chooni. Muache achague mwenyewe safari hii.

Nyusi. Nunua penseli ya wanja ya rangi ya kijivu, nyeusi itamfanya aonekane amekasirika. Asilale. Mkalishe akitazama dirisha, wewe ukae mbele yake magoti kwa magoti, uchore mistari mifupi kama vinyweleo, kidogo huku, kidogo kule, usiumalize mmoja kabla hujagusa wa pili. Ndipo zitakuwa sawa. Utalazimika kumtazama machoni muda mrefu. Najua hicho ndicho ulichokuwa unakimbia, na hakuna njia ya kuchora nyusi za mtu bila kumtazama. Ukilia, lia, futa machozi yako, endelea. Ukimaliza mpe kioo, umuulize yeye kama amependeza, wewe usiseme neno mpaka ajibu.

Nimekuja kwenye kucha. Unasema kwenye picha hazionekani. Nani alikuambia anazitaka kwa ajili ya picha? Wewe ulikuwa msichana hapo hapo Namhae, unajua tulivyokuwa tukifunga vidole kwa maua hayo mwisho wa kiangazi na kuilinda ile rangi isiishe mpaka theluji ya kwanza. Mwanamke anayetaka kupaka kucha mwezi huu anaingoja theluji. Daktari amemwambia lake, na yeye ana lake. Wewe umeshughulika na jeneza mpaka hukumsikia mama yako akikuambia kwamba anataka kuuona msimu wa baridi.

Yachume maua hayo kesho, na majani yake machache, yaponde na kipande cha shabu ili rangi ishike, umwekee kwenye kila ukucha, funga kwa nailoni na uzi, usikaze. Acha kidole kimoja bila rangi, kwa sababu madaktari wa moyo hupenda kuziangalia kucha. Alale hivyo mpaka asubuhi.

Na kwenye kinu maua yatabaki, hubaki kila mara. Mpe mikono yako akufunge yeye, hata kama mikono yake inatetemeka na uzi unalegea na rangi inavuja mpaka kwenye ngozi. Utakwenda nayo sokoni ikiwa hivyo hivyo, na taulo halitaitoa.

Mama Deok-im