Chungu Chenye Pengo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maji hakuna tena. Siku ya nne. Nimeshuka na mitungi sita, nimepanda na mitatu. Ghorofa ya tatu. Magoti yanasema mambo yao. Jirani wa chini anasema wanatengeneza bomba. Wanalitengeneza bomba hilo tangu Mercy akiwa na meno ya utoto.

Sukuma wiki kwenye gunia nimezimwagilia maji niliyooshea mchele. Hazijalalamika.

Jioni Mercy amenisomea. Ndiyo desturi yetu. Mimi namenya viazi, yeye anafungua simu na kunitolea kitu kimoja kutoka ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na kila mtu kutoka kila mahali. Jana ilikuwa mchoraji asiye na mikono, anachora kwa mdomo. Leo pweza. Pweza ana mioyo mitatu. Mimi nina mmoja na kliniki wanaunung'unikia.

Mercy ni mjukuu wangu. Mimi humwita Mama. Nimemlea tangu baba yake, mwanangu, alipofariki. Yeye pia huandika humo. Kila Jumamosi anakutana na wenzake kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kariobangi, wanaandika habari za kwetu magharibi. Ngoma, vyakula, mito.

Mimi darasani sikuingia. Herufi nilifundishwa na kina mama wa kanisa nikiwa na wajukuu tayari. Daftari hili ni la mazoezi ya mkono. Asiyependa mwandiko asisome. Hakuna aliyealikwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo viazi sikumaliza.

Mercy alifungua habari za vyungu. Picha moja kubwa. Chungu cha pombe, shingo nene, tumbo la mama wa miezi minane. Kiko ng'ambo, kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kioo. Chini wameandika: Magharibi mwa Kenya. Mfinyanzi hajulikani.

Nikamwambia akuze picha. Akuze tena. Shingoni kuna safu ya alama, kama kuku amepita akikanyaga kwa utaratibu. Kila baada ya alama kumi na moja, pengo. Laini. Kama fizi mahali jino lilipong'oka.

Kisu kikaanguka.

Jino hilo nililing'oa mimi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nieleze vizuri nisije nikasahau.

Nilipoolewa nilimkuta mama mkwe wangu ni mfinyanzi. Alikuwa na kijiti cha mti mgumu, urefu wa kidole, kimechongwa meno pande zote. Unakiviringisha shingoni mwa chungu udongo ukiwa haujakauka, kinaacha alama. Kila mfinyanzi na chake. Wiki yangu ya pili pale nikakiangusha kwenye jiwe la kusagia. Jino moja likaruka. Nikasimama nikingoja matusi. Akakiokota, akakiviringisha kwenye donge la udongo, akalitazama lile pengo. Akasema, "Sasa hata gizani watajua ni cha kwetu." Akaendelea na kazi. Hakulitaja tena mpaka anazikwa.

Mzungu mmoja wa misheni alinunua vyungu vitatu. Nilivibeba mpaka barabarani kwa kichwa hiki.

Kijiti ninacho. Kiko kwenye kopo la vifungo. Aliniachia mimi. Binti hakuwa naye.

Mercy akauliza, alikuwa anaitwa nani. Kwetu mke hamtaji mama mkwe kwa jina. Awe hai, awe amekufa. Nikampa jina la ukoo alikotoka, ndilo alilokuwa akiitwa na kijiji kizima. Mercy akaliandika pale chini ya picha. Nikaliona kwa macho yangu. Nimekunywa chai mara mbili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Limefutwa.

Kuna mtu, Mercy anasema yuko Tanzania, analinda kurasa hizo. Amelitoa na kuacha ujumbe: "Hili ni jina la ukoo, wenye watu maelfu. Ni nani hasa? Na ushahidi uko wapi?" Amefungua mjadala wa siku saba. Ijumaa ijayo unafungwa. Bila jibu, inabaki hajulikani.

Nimempa jina: Askari. Angekuja na swali lake hapa mlangoni ningempa jibu kwa mwiko wa ugali.

Baadaye nikafikiri nikipepeta mchele. Askari ana haki. Mlinda lango asipouliza, kesho yule jirani wa chini atasema chungu alifinyanga yeye. Kosa ni langu. Kwetu ukilitaja jina hilo, kila mtu anajua ni mama yupi, wa boma lipi, mwenye kikohozi kipi. Huko kwenye kamusi hakuna anayemjua mtu. Nilisahau kwamba mtandao si kijiji chetu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mercy ameniambia Askari anaweza kukubali ushahidi wa macho. Niviringishe kijiti kwenye udongo, tupige picha, iwekwe kando ya ile ya chungu. Pengo kwa pengo.

Nimeenda kwa fundi wa majiko, huko nyuma ya soko, anayefinyanga ule udongo unaokaa ndani ya jiko la makaa. Nikamwomba donge.

"Shosho, wa nini? Unajenga?"

"Najenga adabu yako."

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Akanipa donge kubwa kama kichwa cha mtoto, akalifunga kwa karatasi ya nailoni, akaniuliza kama nitafika nalo. Nikamwambia nimebeba vizito zaidi, na angekuwa mwanangu ningebeba hata kichwa chake.

Udongo unanuka vilevile.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Baada ya ibada nimejaribu. Nimeharibu.

Niliuloweka mno. Kijiti kiliteleza, alama zikapakana, pengo halikuonekana. Mara ya pili alama zikaenda upande. Mara ya tatu nikabonyeza kama mtu anayeua kunguni. Zaidi ya miaka arobaini hapa Nairobi, nguo za watu nimefua, mboga nimeuza, mikono ikasahau kazi yake ya kwanza.

Nimelia. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Tumekosana, mimi na Mercy.

Alisema hata picha ikitoka vizuri, lazima jina liwepo. Jina lake mwenyewe. "Kukhu," akaniita bibi kwa lugha ya kwetu, "sema tu. Si amekufa?"

"Amekufa. Si kiziwi."

Akasema Askari amemfuta mara moja, lakini mimi ninamfuta kila siku. Nikamfukuza jikoni. Chapati zikaungua mbili.

Hakuna wa kumuuliza. Mzee wangu amelala huko nyumbani kando ya mama yake. Mwanangu naye. Waliokuwa na ruhusa ya kulitaja wote wamefunga midomo, nimebaki mimi nisiye na ruhusa.

Maneno ya mtoto yule nimeyarudia nikiosha sufuria. Nina hasira naye. Nina hasira kwa sababu hakukosea.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo sikugusa udongo mapema. Niliuacha chini ya kitambaa chenye unyevu tangu alfajiri. Mama mkwe alikuwa akisema udongo si mtoto wa kubembelezwa kila saa, uuache ufikiri. Saa nane nikaubonyeza kwa kidole. Kama unga wa chapati uliopumzika. Hapo ukawa tayari.

Nikafinyanga kipande cha shingo tu, kama bangili kubwa. Nikafumba macho. Sikuviringisha kwa vidole, niliviringisha kwa kiganja, kama yeye. Kijiti kikajiendea chenyewe.

Kumi na moja, pengo. Kumi na moja, pengo.

Mercy aliporudi kutoka kazini alikikuta juu ya meza. Hatukuwa tumesemezana tangu jana. Akaweka simu kando ya kile kipande, picha ya chungu imekuzwa. Akahesabu kwa sauti. Akahesabu tena. Halafu akanishika shingo kwa nyuma akaniegemea, na mikono yangu imejaa udongo, nikamchafua blauzi. Hakujali. Nami sikuomba msamaha, wala yeye. Tulikula.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Picha imepelekwa. Askari amejibu haraka. Anasema amelinganisha, amekubali ni kijiti kimoja. Sasa anauliza tena, kwa upole safari hii: ni nani?

Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi. Nimefagia. Nimefagia tena mahali nilipofagia.

Mercy aliporudi nikamwambia, leta kitambulisho chako. Akashangaa. Akakileta. Nikakiweka mezani, nikaweka kidole juu ya jina lake la katikati. Lile alilopewa na mzee wangu siku alipozaliwa. Kidole sikukiondoa.

Akatazama kidole. Akatazama kadi. Akanitazama mimi.

"Hili si langu?"

"Ulipewa. Ndiye mwenyewe."

Alikaa juu ya mtungi wa maji. Kisha akasema, "Ndiyo maana hujawahi kuniita nalo hata siku moja. Mimi nilidhani hulipendi."

Miaka ishirini na mitatu mtoto amebeba wazo hilo na mimi nampakulia ugali. Nilikuwa nadhani anajua. Hakuna aliyemwambia. Wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nikamwambia yote. Jiwe la kusagia, jino, gizani watajua. Nikamwambia nilimpenda mama yule kuliko nilivyompenda mwanawe, na mwanawe nilimpenda. Nikamwambia nikikuita Mama, sikwepi jina lako. Namwita yeye.

Akaandika. Mimi nikaangalia pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake akibadilisha nguo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mjadala umefungwa. Askari ameandika hivi, nimemwomba Mercy anisomee polepole nikanakili:

"Kwenye makala yenyewe siwezi kuliweka jina bila kitabu kilichochapishwa. Hiyo ndiyo sheria yetu, nisamehe. Lakini kwenye ukurasa wa picha hii, mahali pa mfinyanzi, nimefuta neno hajulikani na kuandika jina lake. Picha ya kipande chako nimeiweka kando. Atakayeifungua ataona pengo, na ataona ni la nani. Shikamoo bibi."

Nusu ya nilichotaka. Nilitaka jina kwenye makala, mbele, kwa herufi nene. Limewekwa chumba cha ndani.

Lakini chumba cha ndani ndimo anamokaa mama mwenye nyumba.

Marahaba, Askari.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Sukuma wiki zimefurahi.

Baada ya kanisa nimepita kwa fundi wa majiko kumrudishia udongo uliobaki. Amekataa. Anasema nitaurudia. Hajui lolote, lakini huenda.

Kile kipande kimepata ufa kilipokauka, kama nilivyojua. Hakikuchomwa. Nimekiweka dirishani vivyo hivyo. Kijiti kimerudi kwenye kopo, juu ya vifungo, si chini.

Jambo moja nimelifikiria wiki nzima. Waliotuwekea mwiko walifunga mdomo. Mkono hawakuutaja. Hawakujua kwamba siku moja mke wa boma lile atajua kuandika. Huenda wangeufunga nao. Hawakuufunga.

Kwa hiyo nimechukua kalamu. Nimeandika polepole, kila herufi nikiangalia kitambulisho cha mtoto ili nisikosee.

Namalwa.

Sijalisoma kwa sauti. Nimeliacha hapo likauke.

Mercy alikuwa chumbani akipiga pasi. Nikamwita aje chai. Nilimwita Mama, kama siku zote. Ameitika akicheka, kwa sauti ya mtu anayejua ameitwa nani.

Maji yamerudi saa kumi. Mitungi yote imejaa.