Maua ya Jumatatu kutoka Rongo

Migori, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta jikoni, toka, kaa chini, na usimsomee mtu kwa sauti. Mguu unaendeleaje? Na presha? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mbaya, na huko mbele utajua kwa nini.

Barua yako niliipata Ijumaa. Unasema mjomba amekubali kumwoza kaka Salim binti yake Rukia, na kwamba mtamleta mwezi ujao. Unasema pia mke wa mjomba ameshinda na ile picha ya kaka mkononi, anauliza maua yale ya kitajiri tumeyatoa wapi, maana anataka ya namna ile siku ya harusi. Namjua, anapenda makuu yule. Basi nakujibu.

Tuliyanunua Rongo, kwenye duka linalopakana na maseremala wa majeneza. Huku watu wengi huzika Jumamosi. Maua yaliyobaki, Jumatatu wanakupa fungu zima kwa bei ya mkate. Yanafika yameinamisha shingo. Mimi nilizichambua petali za nje zilizonyauka, nikakata mashina mshazari, mafupi kabisa, nikayatia katika maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha sukari na kuyalaza bafuni gizani. Asubuhi yalikuwa yameinuka. Siri yenyewe ni kutochanganya rangi: waridi nyeupe peke yake, vichwa vimebanana hata pasionekane nafasi. Kopo la mafuta ya kupikia nililivika hariri kutoka dukani kwa kaka, nikaegemeza kioo nyuma yake, fungu moja likawa mawili.

Jirani yetu Mama Atieno aliponiona naingia na lile fungu, alisimama na beseni lake la omena, dagaa wa huku.

"Nyar Mombasa," ndivyo anavyoniita, binti wa Mombasa, "nani amekufa kwa hii nyumba?"

"Hakuna mtu, mama. Ni ya kupamba tu."

"Kupamba? Huku kwetu maua ni ya sanduku. Wewe unatanguliza maua, sanduku nayo itafuata. Toa hiyo kitu!"

Nilicheka. Mama, nilicheka, na nikikumbuka kicheko kile najichukia.

Kaka ndiye aliyeyataka maua. Alisema picha ya posa lazima ionyeshe nyumba ya mtu aliyefanikiwa, nami nikafurahi, nikayapanga kwa mikono yangu. Lakini mpiga picha alipofika, kaka aliniambia niisogeze meza mbele yake, kisha niisogeze tena. Koti lilikuwa linampwaya. Akanipa pini nilibane mgongoni, nikabana mpaka zikaisha, na hapo ndipo nilipozigusa mbavu zake. Tangu nije kumsaidia dukani nilijua amekonda, sikujua amekonda vile. Itazame picha sasa. Mikono yake huioni, iko nyuma ya maua. Ina vidonda.

Kila baada ya wiki mbili alikuwa akienda Homa Bay, akituambia anafuata mzigo wa vitambaa. Wiki iliyopita hakuweza kutembea mwenyewe, nikamsindikiza. Hakuna mzigo wowote. Anaenda kwa daktari wa huko kwa sababu hapa Migori anajulikana. Daktari alidhani mimi ni mkewe, akanieleza yote na kuniambia nami nikapimwe. Ni ukimwi, mama. Kaka anajua tangu mwaka jana.

Tuliporudi nikamuuliza, na Rukia je?

"Zainabu, unataka nife peke yangu kama mbwa? Mke atanitunza."

"Mimi nakutunza."

"Dada si mke. Na watu watasema nini, mtu mzima na duka lake, hana hata mke?"

Akanishikisha msahafu niape sitakwambia. Niliapa, na leo nimevunja, dhambi yake iwe juu yangu. Kaka si mtu mbaya. Ndiye aliyenisomesha, na nampenda. Ila anaogopa sana, na mtu aliyeogopa kiasi hicho hatazami anamshika nani. Mimi pia naogopa.

Mwambie mjomba posa imevunjika. Ukiona aibu, sema ni Zainabu mgomvi amemkataa wifi, nitaubeba mzigo huo. Kisha njoo, lakini njoo peke yako, umwone mwanao angali anakujua. Simu nimeshindwa kupiga, pale posta watu hupanga foleni nyuma yako na kusikia kila neno. Usingoje telegramu.

Nisalimie bibi, na shangazi aliyenilea, na dada mkubwa na wanawe, na yule jirani wa mlango wa pili anayekuazima magazeti. Rukia hayumo katika salamu hizi, usidhani nimemsahau. Najua unampenda mwanao kuliko mtoto wa kaka yako, mama yeyote angekuwa hivyo, na barua hii jiko liko karibu, unaweza kuichoma. Kwa hiyo yeye nimemwandikia yake. Niliitia posta jana.

Ni mimi mwanao,
Zainabu