Pingamizi Langu la Mwisho

Baba Furaha wangu,

Leo nimepanda kilima cha nyuma ya kanisa na simu yako mkononi, kwani hapa kijijini Wamaza rezo, mtandao wa simu, inapatikana pale tu. Nimechoka. Mara mbili nilikaa chini njiani.

Nilitaka lile somo ulilolianza kabla homa haijakulaza. Unakumbuka namna yetu: wewe unashuka na somo kwenye simu, unasoma kwa Kifaransa mambo ya wanateolojia Wakatoliki wa karne za kati, kisha unanieleza kwa Kiswahili huku mimi namenya mihogo. Ulisema wale watu hawakujibu swali lolote kabla ya kuandika kwanza maneno ya anayepinga, kwa nguvu zake zote. Na wewe hukuwa na mpinzani mwingine Wamaza nzima ila mimi.

"Mama Furaha, pinga!"

"Hao wazee wako hawakuwa na bibi nyumbani, ndiyo maana maneno yao iko marefu."

Ulicheka, lakini pingamizi zangu zote uliziandika kwenye daftari, upande wa kushoto. Kulia uliandika "Najibu". Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika maneno yangu.

Swali la mwisho lilikuwa hili: je, waliokufa wanajua habari zetu? Nilisema bila kuacha kisu, "Kama wanatuona tunavyoteseka, watapumuzika namna gani? Basi hawatuoni."

Uliiandika kushoto. "Hiyo iko na nguvu, mama. Ngoja nipate rezo."

Hukupanda tena kilima. Upande wa kulia kuna "Najibu", halafu karatasi tupu. Tangu tulipokuzika naona nimekushinda, na ushindi huu sikuutaka.

Leo somo limefunguka. Furaha wetu, niliyepanda naye, amenisomea polepole, akiruka maneno magumu. Kumbe hata wale wakubwa hawakukubaliana wote. Nimeteremka na uchovu uleule.

Ila njiani Furaha alitangulia, na kumtazama kule mbele kulinikumbusha alipokuwa anajifunza kutembea. Alianguka pale mlangoni kwetu, nikapiga kelele. Wewe ulibaki kwenye kiti, macho kwake, uso umetulia. "Atasimama," ulisema. Nilikukasirikia siku mbili, nikidhani hujali. Sasa nafikiri ulimwona vizuri kuliko mimi, na ulitulia kwa sababu ulijua atasimama.

Nimeliandika hilo chini ya "Najibu", kwa mwandiko wangu mbaya. Bado nalia, na shamba bado linanishinda. Lakini zamu imegeuka, baba. Pinga wewe. Nimekuachia mistari mitatu. Usipoandika kitu, nitajua umekubali.

Mpinzani wako,
Mama Furaha